Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa chama: hesabu, michango, na ile habari ya tenti nilizokataa kutoa kwa harusi

Assalam alaykum na hamjambo wanachama wote, mlio kwenye grupu na mliotoka. Mkutano wa mwaka tuliitana saa kumi, tukaanza saa kumi na moja na nusu tukiwa watu 14 pamoja na yule mtoto aliyeleta thamosi ya chai, kwa hivo taarifa yangu naiandika hapa nzima asije mtu kesho akasema hakusomewa.

Shughuli za mwaka mwazijua, sirefushi. Futari ya pamoja ilifanyika, wagonjwa tuliwatazama, misiba minne tulisimama nayo, mzunguko wa pesa ulizunguka ukamaliza bila ugomvi alhamdulillah.

Hesabu. Tuko 58, mchango 200 kwa mwezi, ingefaa ziingie 139,200, zimeingia 81,600. Vifaa vya kukodisha vimeleta 64,500. Zilizotoka: misiba 40,000, wagonjwa 18,000, futari 22,300, kodi ya stoo 36,000. Zimebaki 29,800 ziko kwa mweka hazina, na risiti zi ndani ya ile bahasha ya kaki, mwenye shaka aje nyumbani atazame, sio kunitumia voice note ya dakika sita saa tano usiku. Zile 57,600 zilizobaki kwenu ni deni, sio kwamba mmesamehewa. Kuna mtu hajalipa hata mwezi mmoja lakini tenti kazichukua mara mbili kwa bei ya mwanachama.

Na hizo tenti mbili na viti 150, si kujisifu, ni mimi niliyezunguka na daftari kuchangisha mpaka kiatu kikanikatikia Kongowea. Kwa hivo mtu asiniambie mimi sina uchungu na mali ya chama.

Sasa tuje kwenye ile habari.

Mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, mwenzetu mmoja (simtaji, mwamjua) alikuja stoo kuchagua viti vya harusi ya Jumamosi. Anayeolewa ni mtoto wa jamaa za mumewe, wale waliokimbia vita Yemen. Alikuja na msichana, yule msichana akaketi juu ya viti vilivyopangwa, miguu yaning'inia, ana pakiti ya mabuyu mkononi na vidole vyekundu, mimi kwa mbali nikadhani keshatiwa hina. Nikauliza bibi harusi yuko wapi, ajiandae na joto hili. Wakanyamaza wote wawili. Kumbe ndiye.

Nikamuuliza miaka mingapi, akamtazama shangazi yake, yani huyo mwenzetu. Shangazi akasema 18 na karatasi ipo, akaitoa kwenye mkoba. Wallahi kwenye ile karatasi kila mtu kazaliwa tarehe mosi Januari, baba, mama, na watoto watano. Hao si waongo, mtu aliyekimbia bila cheti huandikwa hivo, lakini basi haiwezi kuwa ndio ushahidi wa umri. Nilipobaki na yule mtoto nikamuuliza mlipotoka kwenu ulikuwa darasa la ngapi, akasema la pili, na tangu watoke ni miaka saba. Pigeni hesabu wenyewe.

Nikakataa kutoa tenti, viti, sufuria, hata ule mkeka wa zamani. Ndio hayo tu niliyoyafanya, na tangu siku hiyo watu sita wametoka grupu, na mchango wamesimamisha.

Mwasema nimeamua bila kamati. Kamati niliipigia usiku ule ule, watu watatu, wawili hawakushika na wa tatu akasema "wewe fanya unavoona", halafu ndiye wa kwanza kunisema kwenye mazishi kule Majengo. Mwasema chama kimepoteza 8,500. Ni kweli. Mwasema mambo ya ndoa si ya mwenyekiti wa viti. Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yasema 18, na chama chetu kimesajiliwa chini ya sheria za nchi hii hii, jina letu limeandikwa kwa rangi nyuma ya kila kiti. Picha zingesambaa na jina letu nyuma ya mgongo wa yule mtoto.

Lililoniuma zaidi ni lile la kwamba hawa wametoka vitani, mimi nawaongezea mushkila. Hapo nataka tuzungumze kidogo maana naona watu hawanielewi.

1991 mimi nilikuwa msichana mkubwa. Wasomali na Wabarawa walipokimbia vita kwao Somalia wakaja na mashua hapa Mombasa, wengine wakawekwa kambi ya Utange, mamangu alikuwa akipeleka nguo na mimi nabeba. Wale Wabarawa tulikuwa twaelewana nao nusu nusu kwa Chimwini chao, kile Kiswahili cha Barawa. Kulikuwa na mama mmoja ana binti wa miaka kama 14, wiki hii tumemkuta anacheza kamba, wiki nyingine tukaambiwa keshaolewa na mtu wa hema la mbele. Mamangu akamuuliza mbona haraka hivo. Yule mama hakusema njaa, hakusema mahari. Alisema, "Usiku hema halina kufuli." Na babake mtoto alikuwa amekufa njiani. Yani yeye aliona mume ndio kufuli.

Hilo ndilo neno la watu wa vitani, sitara. Mzazi anaogopa bintiye aharibiwe na watu wa bunduki, anaona bora awe na mtu wa kumsimamia, na mdomo mmoja wa kulisha umepungua, na shule imefungwa kwa hivo mtoto ashinda nyumbani tu. Sio watu wabaya. Wakimbizi wa Syria waliokwenda Jordan, ndoa zao zilizosajiliwa, zile za wasichana chini ya 18 zilikuwa 18 kwa kila 100 mwaka 2012, mwaka wa pili 25, mapema 2014 zikafika karibu 32. Na Jordan hakukuwa na mabomu, walikuwa wameshafika salama! Hofu walihama nayo.

Lakini vita si kila kitu, na hapa ndipo nakosana na shangazi yule. UNICEF walisema 2023 kwamba vifo vya vita vikiongezeka mara kumi, ndoa za watoto huongezeka kwa asilimia 7. Mtu atasema 7 ni kidogo. Manake ni kwamba nyingi zilikuwepo kabla ya risasi ya kwanza. Yemen yenyewe sheria ilikuwa na umri wa miaka 15, wakautoa 1999, hakukuwa na vita hivi. 2008 mtoto wa miaka 10, Nujood Ali, akaenda mwenyewe kortini Sana'a kuomba talaka akapewa, dunia nzima ikapiga makofi. 2009 bunge likapitisha 17, ikazuiliwa. Kikao chao cha mazungumzo ya taifa kilichokwisha mwanzo wa 2014 kikapendekeza 18, kisha vita vikaja yote yakalala. Vita havikuleta mila, vilifukuza wale waliokuwa karibu kuibadilisha. Na sisi huku tukikaa kimya eti tunawahurumia twamalizia kazi.

Na Utange hema halikuwa na kufuli, sawa. Hapa Kisauni wanakokaa hawa, nyumba ina geti, ina kufuli mbili na mbwa wa jirani. Sasa sitara ya nini?

Mwisho wake ni huu, maana kuna wanaosema nilivunja harusi. Sikuvunja. Walikodi kwingine, Jumamosi pilau ikapikwa, sheikh alipokuja akauliza umri na yeye akatazama ile karatasi, akakataa kusoma nikaha, watu wakala wakaenda zao. Sheikh hakuna aliyemtukana, ni mimi tu. Mwezi uliofuata nikasikia nikaha imesomwa nje ya Mombasa. Hapo nimekosea na nakubali, nilikataa viti nikajiona nimemaliza, ningepiga 116, ile simu ya kusaidia watoto, usiku ule ule au ningekwenda kwa chifu. Mzee mmoja niliyemwendea aliniambia hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na mimi nikamsikiza.

Mwaka ujao inshallah twatarajia kununua tenti ya tatu, kuanzisha kitu kidogo kwa wasichana, masomo au cherehani tutaona, na kwenye fomu ya kukodisha naomba tuongeze laini moja ya umri wa bibi harusi na cheti. Hilo litapigiwa kura Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi kamili. Atakayekuja saa kumi na moja na nusu atakuta tumeshapiga.

Na sufuria namba nne haijarudi tangu Shaaban. Aliye nayo anajijua.