Maji yanatembea, udongo unafuata

Ndugu Mhariri,

Mvua ya juzi hapa Lushoto imeniachia mfereji wa kina cha goti katikati ya maharage. Tunailaumu mvua, lakini jirani wa juu yangu amepiga matuta kufuata mteremko, na kila mfereji wake ukawa bomba la kuniletea maji. (Nami nililima hivyo miaka mingi, mgongo hauchoki sana.)

Udongo hauanzi kuondoka kwa korongo. Tone la mvua hupiga ardhi iliyo wazi, chembe zikavunjika na kuziba vitundu, maji yakashindwa kuzama, yakaanza kutembea. Mabua tunayochoma kila Septemba yangelizuia tone hilo.

Dawa nyingine ni fanya juu: chimba mtaro kukingama mteremko, udongo utupe upande wa juu, kisha otesha mabingobingo kwenye tuta. Ng'ombe naye anapata majani.

Usawa wa mtaro huo hupimwa kwa fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe. Bwana shamba atuonyeshe kabla ya vuli, siyo baada.

Mkulima,
Lushoto, Tanga