Daftari la jumuiya lisitumike msibani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na viongozi wenzangu wa jumuiya ndogo ndogo za kanisa, yaani vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja. Mimi ni mwanajumuiya hapa Morogoro.

Majuzi tulifiwa na mama aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na stendi. Mwili ukiwa bado ndani, kiongozi mmoja alifungua daftari la mahudhurio pale mkekani, akapitisha kidole kwenye jina la marehemu: hakuhudhuria, hakuchangia. Wakakubaliana jumuiya isishiriki maziko. Watoto wake walikuwa wanasikia! Aliyeleta turubai na masufuria ni jirani Mwislamu, na kaburi lilichimbwa na vijana wa bodaboda.

Sisi husali Jumamosi alfajiri. Saa hizo yule mama yuko kwenye karai, wateja wamepanga foleni, na ndiyo ada ya shule hiyo. Nani alikwenda kumwuliza?

Tunasoma Luka 10 kila mara. Yule Msamaria hakumhoji majeruhi anasali wapi. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia dinari mbili nyumba ya wageni, na akaahidi kulipa zaidi akirudi. Waliopita kando ni kuhani na Mlawi, watu wa hekaluni kabisa. Hilo linaniuma.

Nawaomba mapadre na makatekista watoe agizo la wazi: daftari lisifunguliwe kwenye msiba. Likitumika, litumike mapema. Asiyeonekana wiki mbili tatu afuatwe nyumbani, aulizwe kama anaumwa au amekwama.

Mama wa jumuiya,
Morogoro