Barua ya wazi kwa Baba Askofu: ile barua uliyotuahidi iko wapi?

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekuandikia mara tatu kwa njia ya kawaida, nikimpitia paroko na kisha katibu wako. Kimya. Hii ya nne naiandika hadharani, na kwa hilo naomba radhi, ingawa si sana.

Jumapili mbili zilizopita paroko wetu alihubiri juu ya kutoa mimba. Hilo silipingi. Lakini katikati ya homilia alinyamaza, akatazama safu yetu, akasema humu ndani wamo wauaji wanaokuja kukomunika bila haya. Shingo zikageuka. Zilijua pa kugeukia, maana miaka minne iliyopita nilipasuliwa, na umbeya hausomi cheti cha daktari.

Mimba yangu ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Mimba ya hivyo haifiki popote: mtoto hana pa kukulia, mrija unapasuka, mama anavuja damu ndani kwa ndani. Nilifikishwa chumba cha upasuaji sijitambui. Waliukata mrija, na mwanangu akaenda nao. Walimu wa maadili wa Kanisa letu wenyewe wanafundisha kwamba kuondoa mrija ulioharibika ili kumwokoa mama si sawa na kukusudia kumuua mtoto, hata kama inajulikana kuwa atakufa. Paroko wetu alikuwa wapi siku ya somo hilo?

Baba, ulipokuja kutoa Kipaimara tulikuuliza mambo haya haya. Ukasema kabla ya Kwaresima itatoka barua ya kichungaji, isomwe parokia zote, ieleze nini ni dhambi, nini si dhambi, na aliyeanguka arudi kwa mlango gani. Tulikupigia makofi. Kwaresima mbili zimepita. Barua za michango hazijawahi kuchelewa hata Jumapili moja.

Sikuombi ulegeze mafundisho. Zaburi ya 139, ile ya Mungu kutuunga tumboni mwa mama, naijua kwa moyo, na najua katazo la kutoa mimba limo tangu Didake, kile kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo. Najua pia Kanisa lilibishana karne nyingi kuhusu wakati roho inapoingia: mwaka 1588 Papa Sixtus V aliweka adhabu kali kwa kutoa mimba ya umri wowote, mwaka 1591 Gregori XIV akaipunguza kwa mimba changa, na mwaka 1869 Pius IX akaifuta tofauti hiyo. Mabishano yote hayo, na bado sijaona palipoandikwa kwamba mtu ahukumiwe kwa macho kutoka mimbarini.

Na mimi nina cha kujitetea. Siku ile alikuwamo mwingine, sitasema alikaa upande gani, aliyetoa mimba kweli. Alikuwa binti mdogo, na waliomlisha ndio waliomsukuma. Aliungama, akaondolewa dhambi. Wakati wa Komunyo alibaki kitini. Jumapili iliyofuata hakuja, na simu yangu hapokei. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wanawake kama yeye wasikate tamaa, kwamba Baba wa huruma anawangoja katika kitubio. Mwaka 2016 Papa Fransisko akawaachia mapadre wote ruhusa ya kuiondolea dhambi hii. Mapapa wawili wamefungua, paroko mmoja kafunga kabla hata ya matoleo.

Labda barua yako imekwama mezani kwa katibu. Labda mnaogopa mkitamka huruma mtaonekana mmeruhusu. Au labda, nisamehe, wanaoumia ni wanawake, basi haraka ya nini? Mwanamume katika homilia ile hakutajwa hata mara moja, utadhani mimba hujitunga zenyewe.

Sitaki paroko ahamishwe. Sitaki hata aniombe radhi mimi. Nataka barua, Baba. Ukurasa mmoja unatosha, hata nusu. Isomwe na yeye mwenyewe, mimbari ileile, Misa zote za Jumapili, kabla ya Kwaresima ya tatu.

Nakala moja naomba nipewe mkononi. Kuna mtu nitampelekea nyumbani.

Muumini wako,
wa safu ile ile