Barua ya wazi kwa walimu wa ajira mpya kuhusu mkopo wa mshahara

Wanangu walimu,

Hongereni kwa ajira. Najua baadhi yenu mmeshafuatwa na maofisa mikopo hata kabla ya kupangiwa vipindi. Sina ugomvi na mkopo. Nyumba nyingi za walimu nchini Tanzania zimesimama kwa makato. Ninachoomba ni mkae na kalamu kabla ya kusaini, maana makosa mengi ya pesa ya mtumishi hufanyika mwaka wake wa kwanza kazini.

Tuanze na mshahara wenyewe. Chukueni shilingi 800,000 ghafi, yaani kabla ya makato, kwa ajili ya hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua 5%, yaani 40,000. Bima ya afya 3%, ambayo ni 24,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya mchango wa pensheni, nayo ni 68,000. Kama ulisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, 15% inaondoka: 120,000. Chama cha walimu 2%, 16,000. Kinachoingia benki ni 532,000. Huo ndio mshahara wako. Ile 800,000 ya kwenye barua ya ajira ni ya kuwasimulia wajomba.

Halafu kuna theluthi. Mtumishi lazima abaki na angalau theluthi moja ya mshahara ghafi baada ya makato yote, na hapa ni kama 266,700. Kwa hiyo benki inaona nafasi ya kukata kama 265,000 hivi. Kwa riba ya 16% kwa mwaka na miezi 84, nafasi hiyo inabeba mkopo wa zaidi ya milioni 13, na ofisa mikopo atakuambia kwa furaha kwamba unakopesheka. Hasemi uongo. Ila theluthi iliwekwa ili usilale njaa, si kupima unachomudu. Lipa pango, nauli, chakula na vocha kwa 266,700 miaka saba mfululizo, mtoto azaliwe katikati na mama augue kijijini, ndipo utajua. Kwa maoni yangu, makato ya mkopo yasivuke nusu ya nafasi hiyo.

Urefu wa mkopo ndio unaokula hela, na watu hawauangalii kwa sababu wanatazama rejesho la mwezi. Milioni 10 kwa riba hiyo ya 16%, ile inayopungua kadiri deni linavyopungua, ukilipa kwa miezi 84 rejesho ni kama 198,600 na jumla utarudisha milioni 16.7. Kwa miezi 60 rejesho ni 243,200, jumla milioni 14.6. Tofauti ya rejesho ni 44,600 tu kwa mwezi, tofauti ya jumla inazidi milioni 2. Kama 243,200 inakubana, dawa si kurefusha miaka. Punguza kiasi unachokopa.

Ulizeni pia aina ya riba. Wapo wakopeshaji wanaotaja asilimia hiyo hiyo 16, lakini wanaipiga kwenye mkopo wote wa mwanzo mwaka hadi mwaka, hata kama umeshalipa nusu. Milioni 10 kwa miaka mitano inakuwa riba ya milioni 8 badala ya milioni 4.6. Usibishane nao asilimia. Omba jedwali la marejesho, karatasi inayoonyesha kila mwezi riba ni kiasi gani na deni linashuka kiasi gani. Asiyetaka kutoa jedwali, mwachie fomu yake. Hakikisheni pia ada ya mkopo na bima vimeandikwa humo, kwa sababu hukatwa mwanzoni: unasainia milioni 10, inaingia pungufu, na riba inahesabiwa kwenye 10.

Sasa topapu, yaani kuongeza mkopo kabla wa kwanza haujaisha. Hapa ndipo walimu wengi wanapokwama mpaka kustaafu. Turudi kwenye mkopo wetu wa miezi 84. Rejesho la kwanza la 198,600, riba inachukua 133,300 na deni linashuka kwa 65,300 tu. Ukifika mwezi wa 24 umeshalipa kama milioni 4.77, lakini deni limeshuka kwa milioni 1.83. Bado unadaiwa milioni 8.17. Hapo unapigiwa simu: "Mwalimu, una nafasi ya topapu." Unasaini milioni 10 mpya, ya zamani inafutwa, mkononi unapata milioni 1.83 kabla ya ada, na saa inaanza upya kwenye miezi 84. Maana yake umekubali kurudi kwenye ile miezi ambayo riba inakula theluthi mbili za rejesho. Ukifanya hivyo kila baada ya miaka miwili, deni haliishi. Kama una shida ya milioni 1.8 kweli, kopa hiyo peke yake SACCOS, chama chenu cha kuweka na kukopa, kwa mwaka mmoja, na uache mkopo wa benki umalizike.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mkopo wa mshahara hata matanga hamtayaona, kwa kuwa hela inakatwa kabla haijafika mkononi. Ndiyo sababu mtu anatopapu mara tatu bila kushtuka.

Kuna kipindi kingine cha hatari, tena kinakuja mapema zaidi: miezi kabla mshahara wa kwanza haujatoka. Taarifa zako zikichelewa kuingizwa kwenye mfumo, mshahara unachelewa, na ule wa nyuma unageuka malimbikizo. Mgeni asiye na godoro ndiye mteja wa kausha damu, mikopo midogo ya haraka yenye riba kubwa mno. Laki mbili kwa 30% kwa mwezi: unalipa 60,000 ya riba kila mwezi, baada ya miezi mitano umetoa laki tatu na laki mbili bado wanaidai. Kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha 3.5% kwa mwezi. Novemba 2024 ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti yao. Angalia kabla, si baada.

Dalili za mkopeshaji wa kumkimbia ni hizi: anataka kadi ya ATM pamoja na namba ya siri, anataka usaini karatasi tupu, au anakuandikia hati ya mauziano ya pikipiki au kiwanja badala ya mkataba wa mkopo. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Ukichelewa, hadai tena deni, anadai mali "aliyonunua". Na nywila ya ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, usimpe mtu yeyote, hata yule anayejitolea kukusaidia kujaza maombi.

Udhamini nao. Mwalimu mwenzako akikuletea fomu pale stafurumu mkiwa mnakunywa chai, aibu itakusukuma kusaini. Kumbuka umekopa bila kupewa hela. Kwenye SACCOS akiba yako inaweza kushikiliwa, na mwenzako akiacha kazi unafuatwa wewe. Usidhamini kiasi ambacho huwezi kukilipa kutoka mfukoni.

Kwa wanaokopa kununua kiwanja: muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia mauziano, hauthibitishi umiliki. Kama kimepimwa, nenda na namba ya kitalu na ya kiwanja ofisi ya ardhi, ufanye upekuzi kabla ya kutoa hata laki moja. Mwenza wa muuzaji naye asaini.

Mwisho, mkopo ukiisha omba barua ya kumaliza deni, halafu tazama hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Makato yakiendelea, iandikie benki siku hiyo hiyo, nakala kwa ofisa utumishi wa halmashauri, ukiambatanisha barua hiyo na hati ya mshahara. Kwa deni la Bodi, anza kuomba taarifa ya salio mapema, walau miezi mitatu kabla halijaisha.

Mzee wenu,
Mhasibu mstaafu, Dodoma