YAH: SHAFTI MBILI MLIZOZIZIMISHA KWENYE OILI BILA KUZIRUDISHA MOTONI

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mteja wenu wa miaka sita, mwenye karakana ya kuchonga vyuma hapa Mwanza, na kipande cha shafti iliyokatika kiko mezani mbele yangu ninapoandika barua hii.

Karatasi ya kazi mliijaza wenyewe: shafti mbili za karasha (mashine ya kuvunja mawe), chuma cha daraja la EN24, kipenyo milimita 70, kuzimisha (kupoza ghafla) kwenye oili, kisha kurudisha motoni nyuzi 600, ugumu 30 hadi 34 kwa kipimo cha Rockwell C. Shafti ya kwanza ilikatika siku ya pili tu ya kazi, huko Geita. Haikupinda wala haikutoa dalili. Ufa ulianzia kwenye kona ya mfereji wa kii (kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti) ukazunguka kwa mshazari, kama chaki unapoinyonga kwa vidole. Ndani inametameta chembechembe kama sukari. Nimeipeleka kupimwa ugumu: 54 kwa kipimo hicho hicho cha Rockwell C. Kijana anayelisha mawe alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Angekuwepo pale, leo ningewaandikia barua ya aina nyingine.

Nilikuja kwenu na kipande hicho nikiwa mtulivu, nikaomba kuonana na injinia wa zamu. Akafika kaunta, akakitazama bila hata kukigeuza, akasema: "Mlitaka kigumu, tumewapa kigumu. Nyie mafundi wa mtaani mnachokijua ni kuchomelea tu." Kisha akakitupa kwenye pipa la skrepa.

Meneja, ugumu na uimara ni vitu viwili. Chuma hiki kina kaboni kama asilimia 0.4. Kikifika nyuzi 840 kaboni yote inayeyukia ndani yake. Ukikizamisha kwenye oili, kaboni haipati muda wa kutoka, inanaswa humo humo, na chuma kinakuwa kile kinachoitwa martensiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens: kigumu sana, kimejaa mkazo, hakina mnyumbuko. Kazi ya moto wa pili ni kuifungua kaboni hiyo ijikusanye katika chembe ndogo ndogo za kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na chuma. Ugumu unashuka, mnyumbuko unarudi. EN24 iliyorudishwa vizuri inavutika kwa asilimia 13 au zaidi kabla ya kukatika. Ikizidiwa mzigo inajinyonga kwanza, na fundi anaona mapema. Wala sikuandika 600 kwa kubahatisha. Kikirudishwa motoni kati ya nyuzi 250 na 400 chuma hiki kinarudi kuwa chepesi kuvunjika, na ninyi mnajua hivyo.

Nilipokuwa mdogo nilimwona mhunzi akizima ncha ya tindo kwenye maji, halafu anaitoa na kusubiri joto la shinani lipande, rangi ya majani makavu ikitembea taratibu kuelekea zambarau, ndipo anaizima tena. Hakuwa na tanuru la umeme. Lakini hatua hiyo hakuiruka hata siku moja.

Stakabadhi yenu inaonyesha shafti zilipokelewa saa 3 asubuhi na kutolewa saa 8 mchana. Jumla ni muda wa saa tano. Kupasha milimita 70 hadi kiini na kuzimisha kumekula zaidi ya nusu ya muda huo. Moto wa pili peke yake unataka karibu saa tatu. Niambieni ulifanyika saa ngapi. Na siku ile ya kuchukua, jambo ambalo nilipaswa kulitaja mwanzoni, nilipitisha tupa juu ya shafti ikateleza kama juu ya kioo. Nikauliza mapokezi, nikajibiwa ni kawaida. Nikawaamini. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu sijawaeleza yote. Mteja wangu, mzee aliyenilipa kabla hata sijanunua chuma, alikuwa amesimama kushoto kwangu. Mwanafunzi wangu alikuwa nyuma. "Mafundi wa mtaani," mbele yao. Nilipoomba kipande changu, injinia alishaondoka. Niliinama mwenyewe kwenye pipa, nikakichokonoa kati ya mabaki ya chuma na matambara ya oili, kikanikata kiganja. Yule mzee alitazama pembeni ili asinione.

Nilikuwa nimekusudia kudai ada ya kazi pekee. Sasa nadai ada hiyo, bei ya chuma cha shafti zote mbili, gharama ya kuchonga upya, na siku ambazo karasha imesimama. Shafti ya pili nimeizuia isifungwe. Njooni muipime mbele yangu. Nadai pia chati ya joto ya tanuru kwa siku hiyo, na injinia wenu amwombe radhi yule mzee, ana kwa ana.

Nawapa siku 14. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani nikiwa na vipande, vipimo na stakabadhi, kisha mahakamani. Na kila mwenye karasha anayeleta kazi kwangu nitamwonyesha sehemu ilipokatika, na nitamwambia ilitoka wapi.

Wenu,

Fundi mchongaji, Mwanza