Kipande cha Kazungu

Majengo, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalamu aleikum. Hujambo, mama hajambo, watoto wazima? Sisi tupo, joto limetushika, na Salim bado anaudai ule mtungi wa gesi ulioondoka nao. Najua nimenyamaza tangu arusi ya Mwanakombo. Usinilipize, maana leo nina shida na wewe ndiye uliye karibu na Marafa.

Kazi zetu wazijua. Mtu akihama twamhamisha. Nyumba ikifungwa, mwenyewe kafariki au kaenda zake, twaingia tukatoa vyombo vyote mpaka misumari ya ukutani. Juzi tukapata nyumba Nyali, ya kampuni ya Uingereza inayorudisha watu wake kwao. Kabla ya kutukabidhi funguo wakatuletea karatasi tujaze: biashara yenu inafanya nini kuzuia utumwa wa kisasa? Nilicheka, Rukia. Nikamwambia Salim, hawa watuonaje, tuna majahazi sisi? Salim akasema kwao kuna sheria ya 2015, kampuni yenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka lazima itoe taarifa ya jambo hilo kila mwaka, ndiyo maana wanauliza hata sisi wenye lori moja na mikokoteni miwili. Basi nikaandika "kwetu hakuna", nikapiga muhuri.

Siku ya kazi, vijana wakateremsha kabati la kioo. Ngazi nyembamba, kioo kikapasuka, kikamchana Kazungu kiganja kuanzia kidole gumba. Nikamfunga kwa pazia la wenye nyumba (hilo libaki kwako). Nikamwambia chukua kipande chako, kitambulisho, twende hospitali. Akatazama chini. "Kipande anacho mzee."

Mzee ni yule dalali anayetuletea vibarua. Umewahi kumwona, yule wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Kumbe mwaka jana alimkopesha mamake Kazungu 12,000, mtoto mdogo alipolazwa, na Kazungu akaja mjini kulilipa deni kwa kazi. Kijitabu nimekiona kwa macho yangu. Chai 50. Kulala 150. Nauli 100. Sabuni. Kila siku imeandikwa, hata siku ambazo hatukuwa na kazi, na za kazi pia, ingawa nauli ni lori langu mwenyewe! Miezi saba, na deni limefika 19,000. Wewe ndiwe uliyekuwa ukininakilisha hesabu darasani, hebu nipigie hii: mimi namlipa mzee 1,000 kwa kila kichwa kwa siku. Kwa siku tulizomwita Kazungu tu, nimetoa zaidi ya laki.

"Kwa kila kichwa." Waona mdomo wangu ulivyozoea.

Na kila siku twapita Kengeleni, vijana wamekaa juu ya magodoro wanaimba, pembeni ile kengele ya Frere Town. Pale ndipo wamishonari walipowaweka watumwa waliokombolewa majahazini, tangu 1875. Shuleni tuliambiwa utumwa ulifutwa pwani yetu 1907, nasi tukaandika daftarini tukapata vema. Nimepita hapo mara ngapi na Kazungu yuko nyuma? Bei ya mzee ilikuwa rahisi kuliko ya wengine, nikafurahi, sikuuliza kwa nini ni rahisi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si karatasi ya Waingereza.

Nilikwenda kwa wakili wa Zainabu. Akanionyesha Katiba, kifungu cha 30 kinachokataza utumwa, halafu sheria ya 2010 ya usafirishaji haramu wa binadamu: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili. Na ya ajira, ya 2007: kibarua alipwe mwisho wa siku, moja kwa moja yeye mwenyewe. Sasa nawalipa mmoja mmoja jioni. Nilitaka kuwatumia kwa M-Pesa, nikagundua namba waliyonipa wote watatu ni moja. Ya nani, huna haja ya kuuliza.

Mzee alikuja akaagiza chai. "Mama, mimi nawasaidia hawa, kwao kuna njaa." Na njaa ipo, siwezi kumbishia. Salim akamtajia ile miaka 30, mzee akatoa kipande cha Kazungu mfukoni, kimefungwa kwa mpira pamoja na vingine, sikuwahi kuvihesabu. Yule mdogo wao, wa viatu vya kuazima, hana kipande kabisa; sauti yake bado ya kitoto. Nimempigia simu 116, ile ya kusaidia watoto, na kwa sasa analala kwetu na watoto.

Kwenda polisi Kazungu hataki. Aogopa mzee atamwendea mamake achukue mbuzi. Salim asema tumpe mzee hizo 12,000 yaishe. Nami naona kama ndiyo namnunua mara ya pili, au ndiyo namkomboa, sijui, kichwa kimejaa.

Basi shida yangu ni hiyo. Kwao Kazungu ni huko Marafa, upande wa Nyari, kule kwenye bonde jekundu wanakopelekwa watalii. Uliza nyumba ya mama aliyelazwa mtoto wake, duka la mwanzo watakuelekeza. Mwambie Kazungu mzima, mkono umeshonwa, na asimpe mtu mbuzi wala asitie kidole gumba kwenye karatasi yoyote. Nimekutumia nauli na ya mama.

Waweza kwenda kesho, kabla mzee hajafika? Mama ana karatasi yoyote ya lile deni, au ni maneno tu? Kuna vijana wengine wa huko waliochukuliwa, na wako wapi? Binamu yako wa ofisi ya leba bado yupo? Na wewe, ungelipa zile 12,000? Na mtungi wetu, Rukia?

Wako,
Mwanaisha