Vimelea vya nje: pima samaki kabla ya kulinganisha hesabu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza inakuwaje perege wakubwa wamejaa minyoo mashavuni (matamvua ya kupumulia) wakati wanaokufa ni vifaranga. Samaki mkubwa ana mashavu mapana na ameishi majini muda mrefu, kwa hiyo amekusanya minyoo hao, Dactylogyrus, wengi na bado anapumua vizuri. Kifaranga wa gramu 2 hana nafasi hiyo. Kinga yake bado changa, na Trichodina (kimelea cha seli moja) wakimganda mashavuni kwa idadi ambayo mkubwa angeistahimili, hewa haimtoshi. Kwa hiyo hesabu ya vimelea kwa kila samaki, bila uzito wake, itakupotosha.

Chukua samaki kumi wa kila rika, wakiwa hai. Usitumie waliokufa, maana vimelea vingi humkimbia mzoga upesi. Pima gramu na urefu wa sentimita, kisha, ili ujue unene wake, zidisha uzito kwa 100 na ugawanye kwa urefu × urefu × urefu. Perege wa sentimita 15 mwenye gramu 60 anapata 1.78, mwenye gramu 45 anapata 1.33, huyo amekonda. Linganisha wa urefu unaokaribiana tu. Tena, wembamba haumaanishi vimelea moja kwa moja: chakula kidogo nacho hukondesha, na samaki aliyekonda hushambuliwa kirahisi zaidi.

Kwangua ute nyuma ya pezi la ubavuni kuelekea mkiani, uweke kwenye kioo pamoja na tone la maji ya bwawa. Ya bomba yenye klorini yataua unachokitafuta. Kata pia kipande kidogo cha shavu. Kwenye hadubini, anza na ukuzaji wa mara 40, kisha 100. Trichodina ni duara linalozunguka kama sahani. Dactylogyrus ana madoa manne meusi ya macho. Mnyoo mwenzake, Gyrodactylus, hana, ila tumboni utaona mtoto mwenye kulabu zake. Chawa wa samaki, Argulus, huonekana kwa macho matupu.

Usishangae samaki wawili wakibeba zaidi ya wanane waliobaki. Ndivyo vimelea vinavyogawanyika, na wastani peke yake utakudanganya. Andika hesabu ya kila mmoja.

Trichodina wakizidi, punguza msongamano na mabaki ya chakula kwanza, kwa sababu hula bakteria wa maji machafu. Kisha ogesha perege kwa chumvi, gramu 10 kwa lita, dakika 10 hadi 20, hewa ikipulizwa. Jaribu kwa wachache, na anayelala ubavu mtoe mara moja. Chumvi haiui mayai ya Dactylogyrus, kwa hiyo ukiogesha mara moja wataanguliwa wengine na utadhani dawa imeshindwa. Kambare wajaribu peke yao, usiwachukulie kama perege.

Nitumie orodha ya uzito, urefu na hesabu, mstari mmoja kwa kila samaki.

Wako